Mkuu wa Chuo Aliyewavulia Watumishi Kofia

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mwalimu mmoja wa Uchina. Nchi yake ni mbali, na desturi zake si zetu. Lakini swali lililomsumbua maisha yake yote ndilo linalosumbua nyumba zetu na shule zetu: mtoto hupelekwa shuleni atafute nini?

Tarehe 4 Januari 1917, mkuu mpya wa Chuo Kikuu cha Beijing alifika kuanza kazi yake. Watumishi wa chuo walikuwa wamejipanga langoni wamwinamie, kama ilivyokuwa desturi. Katika siku zile mkuu wa chuo kile alikuwa bwana mkubwa serikalini. Watumishi walipomwinamia alipita tu, wala hakugeuza uso. Lakini huyu mpya alisimama, akavua kofia yake, akawainamia watumishi kama walivyomwinamia yeye. Watumishi wakastaajabu, na wanafunzi wakastaajabu zaidi.

Mtu huyo aliitwa Cai Yuanpei. Cai ndilo jina la ukoo, kwa kuwa Wachina hulitanguliza jina la ukoo.

MALEZI YAKE

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1868 katika mji wa Shaoxing, jimbo la Zhejiang, upande wa mashariki wa Uchina. Baba yake alikuwa msimamizi wa duka la kuweka na kukopesha fedha, naye alikuwa mkarimu mno. Mwenye shida aliyemwendea hakurudi mikono mitupu. Baba huyo alipokufa, Cai alikuwa mtoto mdogo, na nyumbani hamkuwa na akiba. Rafiki za marehemu wakashauriana wachange fedha wamsaidie mjane. Mama akawashukuru, lakini akakataa. Akauza nguo zake na mapambo yake, akawalea watoto wake kwa uangalifu, akiwafundisha kujitegemea na kulipima neno kabla ya kulisema. Baada ya miaka mingi Cai aliandika ya kwamba upole wake aliurithi kwa baba. Bali kutopokea kitu kisichomhusu, na kutosema ovyo, alifundishwa na mama.

Siku zile mtoto wa Kichina aliyetaka kuwa mtu mkubwa alikuwa na mlango mmoja tu, nao ni mitihani ya dola. Alisoma vitabu vya wahenga miaka mingi, akavijua kwa moyo, akatahiniwa daraja baada ya daraja. Aliyefaulu alipata cheo, na ukoo wake wote ulipata heshima. Cai alifaulu daraja zote. Mwaka 1892, akiwa na umri wa miaka 24, aliingizwa katika Chuo cha Hanlin, ndiyo jamii ya wanazuoni wa Kaisari. Hapakuwa na heshima ambayo mzazi wa Kichina alimtamania mwanawe kuliko hiyo.

Lakini katika miaka ya 1894 na 1895 Uchina ilipigana na Japani, ikashindwa vibaya. Watu wenye akili wakauliza: Imekuwaje nchi kubwa kama hii ishindwe na visiwa vile? Mwaka 1898 Kaisari kijana akajaribu kutengeneza mambo ya nchi upya. Lakini baada ya siku mia hivi, Malkia mzee akamnyang'anya nguvu na kumfungia, na washauri sita wakauawa. Cai hakuwa miongoni mwa washauri hao. Alitazama yote, akaona ya kwamba jambo hilo limeanguka kwa sababu hawakuwapo watu waliofunzwa kulichukua. Amri za Kaisari zilitoka kwa wingi, lakini wa kuzitimiza hawakuwa wameandaliwa. Basi akaacha cheo chake katika mji mkuu, akarudi kwao Shaoxing, akawa mkuu wa shule.

KIDAU CHA WINO

Katika shule ile walikuwamo waalimu wa mawazo ya kale na waalimu wa mawazo mapya, wakashindana. Cai aliwaacha wote waseme. Mwenye kuigharimia shule akashika upande wa wazee, akataka wapya wanyamazishwe. Cai akaona hawezi kuongoza kwa masharti hayo, akaondoka.

Mwaka 1901 akaitwa kufundisha katika shule ya Nanyang, mjini Shanghai. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja mkali aliingia darasani akakuta kidau cha wino juu ya kiti chake. Akaona amedharauliwa, akataka mkosaji apatikane, na wanafunzi wakaadhibiwa kwa kufukuzwa. Wenzao wakalalamika, na darasa zima likafukuzwa; ndipo madarasa mengine nayo yakainuka. Cai akawasihi wanafunzi wangoje, akaenda kuwaombea kwa wakubwa, asifaulu. Wanafunzi wengi wakafunga mizigo yao wakatoka. Naye mwalimu wao akajiuzulu akatoka pamoja nao. Kisha yeye na rafiki zake wa Chama cha Elimu, walichokianzisha mwaka uo huo wa 1902, wakawafungulia shule nyingine. Wakafungua na shule ya wasichana.

Watu wakasema, Kidau cha wino tu, na shule imevunjika! Lakini waalimu wanaosoma habari hii watajua ya kuwa shule haivunjwi na kidau. Huvunjwa na ugumu wa mkubwa asiyetaka kusikiliza, na chuki iliyowekwa akiba siku nyingi.

MASHARTI MATANO

Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1900. Cai alikuwa kijana bado, tena msomi wa Hanlin. Basi washenga wakaja wengi. Akaandika masharti matano, akayabandika ukutani wayasome. La kwanza, mwanamke awe hakufungwa miguu. Maana ilikuwa desturi ya Wachina kuifunga miguu ya wasichana tangu utoto, ibaki midogo, nao huenda kwa maumivu maisha yao yote. La pili, awe anajua kusoma. La tatu, mume asitwae suria. La nne, mume akifa, mke awe na ruhusa kuolewa tena. La tano, wasipopatana, waweze kuachana.

Washenga wakashituka, wengi wakaenda zao. Sharti la mwisho halikubaliwi na wasomaji wetu wengi. Lakini tazameni mwelekeo wa maneno yale: mume alijifunga nafsi yake kwanza. Hakuandika mke atakavyomtumikia. Aliandika mambo ambayo yeye mwenyewe hatamtenda mkewe. Akapatikana binti msomi, mchoraji, ambaye miguu yake haikufungwa, jina lake Huang Zhongyu. Wakaoana tarehe 1 Januari 1902.

MWANAFUNZI WA MIAKA AROBAINI

Mwaka 1904 Cai alikuwa mkuu wa chama cha siri kilichotaka kuipindua dola ya Wamanchu, akasoma na kemia apate kutengeneza mabomu. Hatuyataji haya kuyasifu; tunayataja kwa kuwa ni habari zake. Mwaka 1907 aliiacha njia hiyo, akaenda Ujerumani. Alikuwa karibu na umri wa miaka arobaini, msomi mwenye jina katika nchi yake, naye akaanza kujifunza lugha ya Kijerumani kama mtoto. Mwaka 1908 akaingia Chuo Kikuu cha Leipzig, akasikiliza masomo ya falsafa, na elimu ya nafsi, na historia, na sanaa. Alijilisha kwa kuandika na kufasiri vitabu vilivyopigwa chapa Shanghai.

Dola ya Wamanchu ilipoanguka, Cai akarudi, na mwezi wa Januari 1912 akawa Waziri wa Elimu wa kwanza wa Jamhuri ya Uchina. Wizara yake ilianza katika vyumba vichache vya kuazima. Lakini katika miezi michache alitoa amri kubwa: watoto wa kike na wa kiume wa shule za chini waweze kusoma pamoja, kukariri vitabu vya kale kukome katika shule hizo, kazi za mikono zifundishwe. Akamwita mtu wa chama kingine cha siasa, jina lake Fan Yuanlian, awe msaidizi wake, kwa kuwa alisema ya kuwa elimu haiwezi kugeuka kila chama kinapogeuka.

Mwezi wa Julai mwaka uo huo akajiuzulu. Yuan Shikai, aliyekuwa mkuu wa Jamhuri, alikuwa akijikusanyia nguvu zote mkononi mwake, na Cai hakutaka kuwa pambo la serikali ya namna hiyo. Akarudi Ulaya, akasoma tena.

CHUO KIKUU CHA BEIJING

Yuan Shikai alikufa mwaka 1916. Fan Yuanlian, yule wa chama kingine, alikuwa Waziri wa Elimu. Akampelekea Cai simu huko Ufaransa, arudi akiongoze Chuo Kikuu cha Beijing. Rafiki wengi wakamzuia. Wakamwambia, Chuo kile kimeoza, utajiharibia jina. Wengine wakasema, Ikiwa kimeoza, ndiyo sababu ya kwenda. Akaenda.

Maneno ya rafiki hayakuwa uongo. Chuo kilianzishwa mwaka 1898, na wanafunzi wake wengi walikuwa wana wa mabwana. Walikuwako waliokuja na watumishi wao. Wengi walipitisha jioni katika kamari, na michezo ya kuigiza, na nyumba za aibu. Mwalimu aliyependwa alikuwa yule mwenye cheo serikalini, hata kama hakujua kufundisha, maana angeweza kumtafutia mwanafunzi kazi.

Tarehe 9 Januari 1917 Cai akawahutubia. Aliwaambia mambo matatu: shabaha yao iwe imara, mwenendo wao uwe safi, wawaheshimu waalimu na wenzao. Akasema ya kwamba anayetaka cheo, shule za sheria ziko; anayetaka mali, shule za biashara ziko; bali chuo hiki ni mahali pa kutafuta maarifa.

Kisha akatafuta waalimu. Akamtwaa Chen Duxiu, mhariri mkali wa gazeti la vijana, akamfanya mkuu wa kitengo cha fasihi. Akamtwaa Hu Shih, kijana wa miaka 25 aliyetoka Marekani, aliyetaka vitabu viandikwe kwa lugha wanayosema watu. Akamtwaa Liang Shuming, kijana wa miaka 24 ambaye hakusoma chuo kikuu chochote, afundishe falsafa ya Uhindi, kwa kuwa aliona maandiko yake yana akili. Wakati uo huo akamweka Gu Hongming, mzee mwenye msuko mrefu wa nywele mgongoni, aliyeipenda dola ya kale na kuucheka ulimwengu mpya, afundishe fasihi ya Kiingereza, maana aliijua. Hakuuliza mtu ni wa upande gani. Aliuliza kama anajua somo lake, na kama ana hoja.

Wasiojua somo lao hawakuachwa. Walikuwako waalimu wa Ulaya wasiofaa, naye hakuwaandikia mkataba mpya. Mmoja akatishia kumshtaki. Mwingine akamleta balozi wa Uingereza mwenyewe amsemee. Cai akamsikiliza balozi, wala hakugeuza neno. Katika Uchina ya siku zile, ambapo mabalozi wa Ulaya waliogopwa, lilikuwa jambo kubwa.

Mwaka 1918 akaanzisha shirika la wema katika chuo. Aliyejiunga aliahidi kutokwenda kwa makahaba, kutocheza kamari, na kutotwaa suria. Mamia ya waalimu na wanafunzi wakajiunga. Mwaka uo huo shule ya usiku ikafunguliwa kwa ajili ya watumishi wa chuo, wale wafagiaji na mabawabu. Kofia ile iliyovuliwa langoni haikuwa mchezo wa siku moja.

Mwaka 1920 wasichana wakaomba kusikiliza masomo. Watu wakauliza, Serikali imeruhusu? Cai akajibu ya kwamba kanuni za serikali hazikusema popote kuwa chuo ni cha wanaume tu. Basi hapana la kuombea ruhusa. Wasichana tisa wakapokewa, na baadaye wengine wakaingia kwa mtihani kama wanaume.

KUONDOKA NA KURUDI

Mwaka 1919 mataifa yalikutana Paris baada ya vita kuu, yakaamua kwamba haki za Wajerumani katika jimbo la Shandong wapewe Wajapani, ingawa jimbo ni la Uchina. Tarehe 4 Mei wanafunzi zaidi ya 3,000 wa Beijing wakakusanyika kulalamika. Nyumba ya waziri mmoja ikachomwa moto, na watu 32 wakakamatwa. Cai hakuwa amewatuma. Siku zote alisema ya kuwa kazi ya mwanafunzi ni kusoma. Lakini walikuwa wanafunzi wake. Akashirikiana na wakuu wa shule nyingine kuwatafutia ufunguo. Tarehe 7 Mei wakafunguliwa. Tarehe 9 Mei yeye akajiuzulu akauacha mji kimya kimya, asije akawa yeye sababu ya serikali kukiangamiza chuo. Akasihiwa sana, na mwezi wa Septemba akarudi.

Msidhani kwamba aliwadekeza vijana. Oktoba 1922 chuo kilikuwa na upungufu wa fedha, ikaamriwa wanafunzi walipie karatasi za masomo zilizopigwa chapa. Kundi likaja ofisini kwa makelele. Cai, mtu mpole wa miaka 54, akawatokea amekunja ngumi, akawaambia anayethubutu aje wapigane ana kwa ana. Kila alipopiga hatua mbele, wao walirudi nyuma. Hawakuwa wamemwona hivyo hata siku moja. Naye akajiuzulu, hata wanafunzi wengi wakamwomba arudi.

Mwezi wa Januari 1923 alijiuzulu tena, kwa kuwa Waziri wa Elimu wa wakati huo aliingilia kazi ya mahakama katika kesi ya waziri mwenzake, akaenda Ulaya. Mwenyewe aliandika baadaye ya kuwa alikuwa mkuu wa chuo kile kwa jina miaka kumi na nusu, bali kazini hasa alikaa miaka mitano na nusu tu.

Basi wako waliomlaumu: Mchungaji gani huyu aondokaye mara kwa mara? Lawama hiyo haina budi kupimwa. Wapo wakubwa wanaojiuzulu kwa hasira, na kazi ikafa nyuma yao. Lakini Cai tangu mwanzo alikuwa ameyaweka mambo ya chuo mikononi mwa baraza la waalimu waliochaguliwa na wenzao, kusudi chuo kisitegemee mtu mmoja. Alipoondoka, masomo yaliendelea. Mtu anayeweza kukiacha kiti chake pasipo kazi kuvunjika, huyo alikuwa akiijenga kazi, si kiti.

MWISHO WAKE

Si yote aliyoyagusa yaliyofaulu. Mwaka 1927 alijaribu kuondoa Wizara ya Elimu na kuweka mahali pake baraza la wanazuoni, kwa mfano wa Ufaransa. Waalimu wa shule za chini wakalalamika kwamba wamesahauliwa, na mwaka 1928 wizara ikarudishwa. Lakini mwaka uo huo akawa mkuu wa kwanza wa Academia Sinica, jamii ya utafiti wa elimu ya nchi nzima, akakaa katika kazi hiyo hata kufa kwake.

Wala hatuwafichi wasomaji wetu kwamba Cai hakuwa mtu wa dini. Alifundisha kwamba uzuri wa muziki na picha na maumbile waweza kushika mahali pa dini moyoni mwa mtu, na mwaka 1922 aliandika ya kwamba elimu isiwe chini ya vyama vya siasa wala chini ya makanisa. Katika hilo sisi tu mbali naye. Lakini hatukatazwi kujifunza uaminifu kwa mtu tusiyepatana naye. Na huenda yeye, aliyemweka mzee wa msuko na kijana wa mapinduzi katika chuo kimoja, angetuelewa.

Alikuwa mtu wa cheo kwa jina tu, mali hakuweka. Mjini Shanghai alikaa katika nyumba za kupanga. Wanafunzi wake wa zamani wakapatana wamjengee nyumba. Vita ya Japani ikaja mwaka 1937, isijengwe. Akakimbilia Hong Kong akiwa mgonjwa, akafa huko tarehe 5 Machi 1940, umri wake miaka 72, akazikwa huko huko.

Sasa, ninyi wazazi, lirudieni lile swali. Si dhambi kutaka mtoto apate kazi. Baba na mama hutoa karo kwa jasho, nao wana haki ya kutumaini. Lakini mtoto akisikia nyumbani kila siku kazi, cheo, mshahara, atamheshimu mwalimu kwa kadiri ya anachoweza kumpatia, kama wana wa mabwana wa Beijing. Mwulizeni pia jioni, Leo umefahamu nini? Na mkumbukeni yule mjane wa Shaoxing, ambaye hakuingia chuo kikuu chochote, naye ndiye aliyemfunza mwanawe yale ambayo mitihani yote ya dola haikuyauliza.

Nanyi waalimu, kesho asubuhi mtaingia shuleni, na mtu anayefagia uwanja atawaamkia. Mwitikieni vema, watoto wanatazama.